Ua Lisiloliwa na Mbuzi

"Hivi, Mama Gilbert, unapanda maua au unalisha mbuzi wangu?"

Swali hilo Mkamburi aliulizwa na jirani yake Mumbe, asubuhi moja ya kiangazi cha mwaka sabini na nne, pale Kaloleni, Voi. Mbuzi mwenyewe alikuwa amesimama kando, akitafuna waridi la mwisho kwa utulivu wa mzee wa kanisa anayengoja sadaka ihesabiwe. Mjane aliyeokoka kama Mkamburi hajibizani na watu ovyo. Alimwombea Mumbe neema, kisha akamwombea yule mbuzi Krismasi ije mapema.

Shida aliitafuta mwenyewe. Katika kikao cha akina mama wa kanisa, Dinah, mweka hazina, alipendekeza meza ya Bwana ipambwe kwa maua ya plastiki kutoka Mombasa. Hayanyauki, alisema, na yakishika vumbi yanaoshwa kwa sabuni ya Omo. Mkamburi akasimama. Akasema Mungu si wa kupelekewa plastiki, na kwamba yeye, mzaliwa wa Mwanda kule milimani, ambako hata mkongojo ukiuchomeka ardhini unachipua, angeleta ua lililo hai, na mizizi yake, siku ya Pasaka. Makofi yakapigwa. Dinah akasema haya, tungoje tuone; Pasaka ikipita meza iko tupu, plastiki itaagizwa na maneno yaishe.

Kutoka Mwanda alileta yale maua ya buluu yenye vichwa vikubwa kama vilemba. Yalipoonja jua la Voi yaliinama siku hiyo hiyo, kama watu waliopewa habari ya msiba. Mawaridi aliyaomba kule Bura, na habari zake mbuzi anazo. Bogainvilia hupanda hadi paani, na mezani ingemficha katekista Francis, mtu mfupi ambaye hata bila bogainvilia haonekani vizuri. Lantana mbuzi huionja akaitema, lakini ukiipa nafasi hugeuka msitu, nyoka wakahamia.

Basi akaanza kusali kwa masharti. Bwana, nipe ua fupi, lisilopukutisha majani, linalovumilia jua, linalochanua hata mvua ikigoma, na mbuzi asilitake. Sala hiyo aliisali amepiga magoti dirishani, maana dirishani ndipo alipozoea kusalia. Hapo mtu huongea na Mungu huku akiona nani kaingia kwa Mumbe na kabeba nini.

Na hapo ndipo alipoliona. Kule nyuma kwa Mumbe, maji ya sabuni yanakotokea, palikuwa na kichaka kifupi cha majani ya kung'aa, kimejaa maua ya rangi ya waridi iliyokolea. Mbuzi walipita kando yake bila hata kugeuza shingo. Kilikuwapo miaka yote. Mkamburi aliwajua wageni wote wa Mumbe kwa viatu vyao, lakini jibu la sala yake alikuwa akiliita jani la chooni.

Kwenda kumwomba Mumbe mche kulimchukua siku kadhaa za kupigana na kiburi. Mumbe alicheka mpaka akaushika ukuta, kisha akachimba mche mzuri kabisa, akaupanda ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo alilolisugua kwa jivu. Akasema kama ua lake linakwenda kanisani, naye atakwenda, akalione limekaa mbele. Mwaliko wa Mkamburi wa kwenda kanisani alikuwa ameukataa miaka nenda miaka rudi.

Pasaka ikafika, kopo likawekwa mezani. Katekista akamshukuru Mungu kwa ua lile. Dinah alinyamaza, na kimya cha Dinah kilikuwa kitamu kuliko wimbo wowote. Hapo Mkamburi angekaa chini, mambo yangekwisha. Lakini ulikuwa wakati wa ushuhuda, na waliookoka huweka dhambi zao nuruni. Isitoshe, kusema kweli, aliona watu wamelitazama ua kuliko walivyomtazama yeye.

"Ndugu wapendwa, Bwana asifiwe," akaanza. "Mimi nilikuwa na kiburi. Nimelidharau ua hili kwa sababu linaota chooni kwa jirani yangu Mumbe, aliyekaa pale nyuma, na linakunywa maji machafu. Lakini Bwana akanionyesha kwamba hata katika uchafu kama ule..."

Vichwa viligeukia meza, kisha vikageukia benchi la nyuma. Francis alisogea kidogo kutoka penye kopo. Dinah alikuwa ameuficha uso ndani ya kitabu cha nyimbo, mabega yakimtetemeka.

Mumbe aliinuka, akakaza leso yake, akaja mbele taratibu.

"Si chooni, Mama Gilbert," akasema kwa sauti ya kawaida tu. "Ni bafuni. Hata wewe umeoga pale, mfereji wako ulipokauka."

Akaliondoa kopo lake mezani, akalikumbatia kama mtoto, akatoka nje, meza ikabaki tupu.