Siku Kumi na Tisa za Kulala Madukani

Aliyeniambia kwamba mtu mwenye trela lenye kitanda na jiko anaweza kulala bure kwenye uwanja wa magari wa duka kubwa ni Delbert, binamu wa mume wangu. Aliniambia siku ile ile tuliyomzika mume wangu, mwezi wa tatu mwaka 1999, akiwa ameshika sahani ya saladi ya viazi.

"Ardith," alisema, "usije ukalipia kambi ya matrela. Ingia dukani, muulize meneja, kaa pembeni kabisa, usitoe viti nje, nunua hata mkate, asubuhi ondoka. Basi."

Wengine walinipa pole. Delbert alinipa hiyo, na ndiyo niliyoitumia.

Mwezi wa sita nilikuwa Butte, Montana, saa kumi na mbili asubuhi, nimekaa kwenye usukani wa pikapu ya Reinhold, marehemu mume wangu, na trela letu limefungwa nyuma. Mbele yangu, karibu niliguse, limesimama lori la fanicha. Lilikuja nikiwa usingizini, na dereva wake alikuwa amevuta pazia, anakoroma. Kushoto kuna nguzo ya taa. Kulia kuna gari-nyumba kubwa la rangi ya maziwa, lenye namba za Arkansas. Nyuma yangu palikuwa wazi, papana kama shamba lililokwisha kuvunwa. Mtu yeyote angerudi nyuma kidogo, akakata kona, akaenda zake.

Mimi sikujua kurudi nyuma.

Miaka kumi na minne tulilikokota trela lile, Reinhold akiendesha, nami nikisimama nyuma nikimpungia mkono: njoo, njoo, kushoto, simama. Tulirushiana maneno kwenye kila kambi kutoka Nebraska mpaka Oregon, kisha tukala samaki. Mbele naweza kwenda hata nikafika baharini. Lakini ukirudi nyuma na trela, mambo yote ni kinyume. Ukikata kulia, lenyewe linakwenda kushoto. Ukihangaika, linajikunja kama goti la panzi.

Ndiyo maana nililala madukani. Delbert alidhani nabana senti, na majirani zangu Scottsbluff walidhani hivyo hivyo, nami niliwaacha wadhani. Kambini lazima uingie kinyumenyume mbele ya watu waliokaa na kahawa zao wakikutazama. Dukani unaingia mbele, unalala, unatoka mbele.

Kwa binti yangu Marlys hakukuwa na kuingia mbele. Njia ya kwake, kule Polson, inapita kati ya miti ya cheri na mtaro wa maji, nyembamba, haina pa kugeuzia. Trela linaingia kinyumenyume au haliingii. Nilikuwa nimemwahidi kuja kumwona Ingrid, mjukuu wangu wa kwanza, na kukaa naye mpaka baridi ianze, ndani ya nyumba yangu mwenyewe yenye magurudumu. Kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa siku mbili. Mimi nilikuwa siku ya kumi na tisa njiani. Sheridan, Billings, Bozeman, kisha Billings tena. Kila nikipiga simu nina sababu: upepo, tairi, mvua.

Ningeweza kumwambia mumewe, Duane, aje anichukue. Angekuja siku hiyo hiyo, kijana mwema yule. Na trela lingeuzwa kabla majani hayajadondoka, nami ningekuwa bibi wa chumba cha nyuma, naulizwa kama nimeshakunywa dawa.

Jioni iliyotangulia nilipiga simu ya ukutani pale dukani. Safari hii Marlys hakuuliza sababu. "Jumapili tunambatiza, Mama," alisema. "Kama hutaki kuja sema tu, tusikae tukikuchungulia barabarani." Alisema kwa adabu sana. Afadhali angenigombeza.

Sasa ilikuwa Ijumaa. Nikaifungua ramani, nikaikodolea macho, nikimwomba Mungu amwamshe dereva wa lori.

Kioo kikagongwa. Nje alisimama mwanamke mnene mwenye roli za nywele kichwani na kikombe mkononi. Ndiye mwenye lile gari-nyumba la Arkansas.

"Hiyo ramani umeisoma saa nzima," alisema. "Kuna nini humo, wosia?"

"Naangalia njia."

"Njia iko nyuma yako, dada. Hata ng'ombe angeiona."

Nikaikunja ramani. Akalitazama lori, akatazama nyuma, akanitazama mabega. Jina lake Lavonne, na alikuwa ameendesha basi la shule miaka thelathini na moja. Watoto wangapi walijaribu kumficha kitu humo, mwenyewe hajui.

"Hujui kurudi nyuma," alisema, taratibu kabisa.

"Mume wangu ndiye aliyekuwa anajua."

"Na yuko wapi?"

"Makaburini, Scottsbluff."

"Basi huyo hatusaidii leo."

Alilisema hivyo hivyo, bila kupepesa macho, nami nikacheka, kicheko changu cha kwanza tangu msiba, kikanitokea puani. Kisha nikamweleza yote, mtaro, cheri, simu, siku kumi na tisa.

"Kwa hiyo si ubahili," alisema.

"Si ubahili."

"Mume wangu Cletus anaweza kukutolea trela hapa dakika moja. Lakini kwa bintiyo atakuingizia nani?"

Tukiwa katika maneno hayo, lori likaunguruma. Dereva alikuwa ameamka. Akatupungia mkono, akaondoka, na mbele yangu pakawa wazi mpaka barabara kuu. Maombi yangu yalikuwa yamejibiwa.

"Haya," Lavonne alisema. "Sasa unaweza kwenda."

"Niende wapi?" nilimuuliza. Nikazima injini.

Akaingia dukani, akatoka anasukuma kitoroli chenye matikiti manane. Tukahamia pembe ya mwisho ya uwanja, ambako hakuna anayeegesha. Cletus, mzee mrefu asiyesema, aliyapanga matikiti mistari miwili.

"Haya ni miti ya cheri," Lavonne alisema, "na yale ni mtaro. Ukikanyaga, tunakula."

Tukala. Tikiti la kwanza nililipasua kabla sijafika nusu. La pili na la tatu yalikwenda pamoja. Trela lilijikunja, nikaenda mbele kulinyoosha, likajikunja upande wa pili. Jasho lilinitoka kama niko tena shambani kwa baba, kwenye viazi vya kutengenezea sukari, nilikopelekwa nilipoachishwa shule darasa la nne.

Lilipopasuka la tano akatokea meneja, Bwana Ostrander, amevaa tai fupi. Nilishusha kioo nikiwa tayari kufukuzwa.

"Niliwaruhusu kulala," alisema. "Sikumbuki kuruhusu shule ya udereva."

"Viti hatukutoa," Lavonne alimjibu, akimpa kipande. "Tunakula tumesimama."

Meneja alikipokea, akazitazama maiti za matikiti kwenye lami. "Ana nini, macho?"

"Macho mazima. Ana mume."

"Alikuwa naye," nilisema.

Meneja akatafuna kidogo. "Mbegu mtaziokota zote," alisema. Lakini hakuondoka. Alibaki pale, ameinua tai isidondokewe na maji.

Ndipo Lavonne akaja, akaegemea mlango wangu. "Miaka kumi na minne ulikuwa unafanya nini nyuma ya trela?"

"Nilikuwa namwonyesha mkono. Nataka liende kushoto, napungia kushoto."

"Na lilikwenda?"

"Lilikwenda. Baada ya ugomvi."

"Basi shika usukani kwa chini. Chini kabisa, mkono mmoja. Unataka nyuma yake iende kushoto, peleka mkono kushoto. Kulia, kulia. Usifikirie magurudumu. Mpungie tu mume wako."

Nikashika chini. Nikatazama kioo cha pembeni, nikaliona trela kama nilivyokuwa nikiliona siku zote, lile tako lake pana la bati, nalo likinisubiri nilielekeze. Njoo, nikasema kwa mkono. Likaja. Kushoto kidogo. Likaenda kushoto. Njoo, njoo. Simama.

Matikiti matatu yaliyobaki yalikuwa mazima. Bwana Ostrander alipiga makofi mara moja, akaona haya, akaingiza mkono mfukoni.

"Rudia," Lavonne alisema.

Nilirudia mara kumi na moja. Kisha tukaokota mbegu sote, na meneja naye.

Nilifika Polson saa tisa mchana. Marlys alikuwa barazani na mtoto begani. Duane akaja mbio, mkono ameunyoosha. "Nipe funguo, Mama. Mimi nitaliingiza."

"Kaa pale kwenye nyasi," nilimwambia. "Na usisimame nyuma yangu."

Mara ya kwanza nilikosea. Nilikaribia mtaro, nikaona maji kwenye kioo. Nikaenda mbele, nikanyoosha, nikapumua. Mara ya pili Marlys alimpa Duane mtoto, akaja kusimama nyuma, akaanza kupunga mikono yote miwili kama anafukuza nyuki. Hakuna alichopunga kilichokuwa sawa. Sikumfuata. Nilishika chini, nikaja taratibu, majani ya cheri yakisugua bati, mpaka trela likatua kwenye kivuli cha ghala, limenyooka.

Nilishuka, nikafunga mlango. Marlys alikuwa amesimama palepale.

"Siku kumi na tisa, Mama. Ulikuwa wapi?"

"Madukani," nilisema. "Nilikuwa sijui kurudi nyuma. Nimejifunza leo asubuhi."

Alinitazama, akalitazama trela, akaelewa. Alicheka mpaka akakaa chini njiani, machozi yakimtoka, nami nikakaa karibu naye, na Duane akabaki na mtoto, hajui kama aje au asije.

Baada ya chakula Marlys alikuja kwangu trelani na Ingrid. Alisema anajinyoosha dakika tano tu. Hakumaliza hata mbili kabla ya kulala. Duane akaja kumtafuta, akakaa kwenye benchi la meza asimwamshe, akaegemeza kichwa ukutani, naye akalala na buti miguuni. Ilikuwa saa mbili za usiku na jua lilikuwa bado juu ya miti, maana huko mwezi wa sita halina haraka.

Tukabaki macho mimi na Ingrid. Nilimlaza kifuani. Alinishika kidole, akatazama dari kwa makini kama anayekagua kazi ya fundi. Kope zikamshuka, zikapanda, zikashuka. Nikamwambia nami nafumba macho kidogo tu, nikiwa namsikiliza. Yaliyofuata siyajui.