Begi la Zambarau na Debe la Viazi

Siku ya gulio Lushoto ina kelele zake, lakini Alhamisi hiyo Yudith hakuzisikia hata moja. Aliingia sokoni mbiombio, koti halijafungwa, tabasamu limemjaa uso mzima, na kila aliyemfahamu alijua kuna jambo. Mwanamke wa miaka ishirini na sita hakimbilii vitunguu namna ile.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Wageni wanne, wote wanawake, walikuwa wanakuja kutembea milimani siku nane: watoke Lushoto, wapite msitu wa Magamba, wazunguke kijiji kwa kijiji hadi Mtae kule ukingoni, usiku walale kwenye mahema. Nao walikuwa wameomba kiongozi mwanamke. Katika kikundi cha waongoza wageni mwanamke alikuwa mmoja tu, Yudith, na kwa miaka mitatu alikuwa akipewa safari za saa mbili tatu: wapeleke Irente wapige picha, warudishe wakale. Safari kubwa walikwenda wanaume. Sasa safari kubwa imekuja yenyewe inamuulizia yeye. Jamani, ungekuwa wewe usingekimbia?

Kilichobaki ni mzigo. Hema, kamba, jiko la gesi, sanduku la huduma ya kwanza na chakula cha akiba vyote hukaa mgongoni mwa kiongozi, kilo ishirini, na mkuu wa kikundi, Mzee Kornelio, si mtu wa kupunguza hata robo. Wiki iliyotangulia alikuwa amemjaribu. Alimpa begi la kikundi, refu, la kiume, akamwambia aende nalo Irente na kurudi bila kulitua chini. Yudith alitua mara tatu. Alirudi mabega yamechubuka, hawezi hata kuinua mkono kuchana nywele.

"Sikulaumu," Mzee Kornelio alimwambia. "Ila mlima hauna huruma na mtu. Tafuta begi litakalokukaa. Ijumaa asubuhi tunarudia, na mimi nitakuwa nyuma yako. Ukitua, anakwenda Issa."

Na huyo Issa, muongoza wageni mwenzake, ni kijana mwema, mpole, hata kumchukia huwezi. Hilo nalo lilimkera Yudith.

Basi Alhamisi hiyo alikwenda moja kwa moja kwa Sharifu, muuza mabegi ya mitumba, ambaye huyafuata mwenyewe Mombo yanakoshushwa na kuyapandisha mlimani. Alikuwa ameyatundika kwenye kamba, ya shule, ya kompyuta, ya safari. Katikati, peke yake, lilining'inia begi moja jekundu. Lilikuwa kubwa, lita themanini, karibu jipya, lina mifuko hadi kwenye mifuko. Yudith aliliona akasahau kusalimia.

"Kizuri chajiuza," Sharifu alisema, akaliteremsha.

Yudith alilivaa. Lilikuwa tupu, jepesi, na katika kile kioo kidogo cha Sharifu Yudith alijiona kiongozi kamili, ameshafika Mtae na wageni wake wanne wanamshangilia. Sasa nikwambie, begi tupu halina kosa. Hata mimi nikivaa begi tupu ni mpanda milima. Lakini Yudith alikuwa ameshapenda, na aliyependa haambiwi. Alimwambia Sharifu amwekee dakika mbili, akavuka upande wa pili kumwonyesha shangazi yake.

Shangazi Beatha ndiye aliyemlea. Kila gulio hushuka kutoka Shume na viazi na kabichi, na siku hiyo alikuwa amekaa nyuma ya madebe yake, ngata bado iko kichwani ingawa mzigo ulishatuliwa tangu alfajiri.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Nimepata begi, shangazi. Njoo ulione. Lile pale, jekundu."

Shangazi alilitazama kwa mbali. "Umelijaza?"

"Bado. Ila linanikaa vizuri sana."

"Hujalijaza, umejuaje linakukaa?"

Aliinuka, akamwambia jirani amwangalizie biashara, akajitwika debe la viazi kichwani, akavuka. Kabla Sharifu hajafunga mdomo, viazi vilikuwa vinaporomoka ndani ya begi jekundu.

"Mama, viazi vina udongo," Sharifu alilalamika.

"Na huko milimani kuna nini?"

Akamtwisha Yudith, akamwelekeza njia ya mwinamo inayotoka sokoni. "Panda mpaka juu kule, urudi."

Yudith alipanda. Hatua ishirini za kwanza alikuwa malkia. Hatua ya thelathini mkanda wa kiunoni uliteremka hadi mapajani, mzigo wote ukahamia mabegani, palepale penye michubuko ya wiki iliyopita, na begi likaanza kumvuta nyuma. Alirudi amejikaza, anatabasamu kwa nguvu, maana hakutaka lile begi jekundu limkosee adabu mbele ya watu.

"Liko sawa," alisema.

"Liko sawa, na shingo imekutoka kama kobe?" Shangazi alimgeuza, akaupima mgongo wake kwa shibiri, kisha akaupima mgongo wa begi. "Limekuzidi shibiri nzima. Huyu aliyeshonewa ni mrefu kama nguzo ya umeme. Vua."

"Lakini shangazi, ni kubwa, vitu vyote vitaingia."

"Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Vua, nimesema."

Yudith alivua, na machozi yalikuwa karibu. Kamba nzima ya Sharifu haikuwa na lingine kubwa. Kesho ndiyo Ijumaa. Akilini alimwona Issa akiondoka na wageni wake wanne, na yeye amebaki Irente akipiga watu picha. Ile furaha aliyokuja nayo sokoni ilimwisha mwilini kama maji kwenye mtungi uliopasuka.

Shangazi hakuwa anaitazama kamba. Alikuwa anatazama chini.

"Na hilo ulilokalia?"

Sharifu alitazama chini yake. Alikuwa amekalia begi la zambarau, limepauka, limejazwa magunia ili liwe kigoda. "Hili? Hili kilema, mama. Wapagazi watatu wamelijaribu wakanirudishia. Mgongo mfupi, mikanda ya mabega imepindapinda, linabana kifua. Na huu mkanda wa kiuno ndio kabisa, umetanuka huku nje, sijui fundi alikuwa anawaza nini."

"Wapagazi hao wana nyonga?"

"Mama, ni wanaume."

"Basi fundi alikuwa anamuwaza mwanamke. Inuka."

Sharifu aliinuka. Shangazi alimwaga magunia, akalikung'uta begi, akapitisha kidole kwenye mishono yote. Mkanda wa kiuno ulikuwa mnene, umejipinda mahali hasa nyonga inapojipinda. Mikanda ya mabega ilikuwa imekaribiana juu, ikapanuka kifuani kumpisha mwenye kifua. Ndani palikuwa na kibandiko: lita sabini. Shangazi alihamishia viazi humo, debe zima, na nafasi ikabaki.

Yudith alilivaa bila hamu. Alisimama wima, shingo juu, akavuta mikanda ya mabega hadi mwisho, kwa maana mtu aliyebeba maji na kuni kichwani tangu darasa la kwanza anajua jambo moja tu kuhusu mzigo: usipinde mgongo. Mabega yakauma vilevile.

"Inama," Shangazi alisema.

"Shangazi, watu wanaangalia."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umeona wapi mtoto anafungwa mgongoni mama yake amesimama kama askari?"

Yudith aliinama. Shangazi alilisukuma begi juu kwa goti, kama unavyompandisha mtoto asiteleze, akauzungusha mkanda juu ya mifupa ya nyonga, akaukaza, akaukaza tena. "Sasa inuka." Yudith aliinuka. Ndipo Shangazi akavuta mikanda ya mabega, kidogo tu, mpaka begi likaegemea mgongo. "Hapo. Mabega ni ya kumshika mtoto asianguke nyuma. Anayembeba ni kiuno. Wewe mwenyewe nilikubeba hivyohivyo. Ulikuwa na miaka mitatu, homa imekupanda, mvua imekata barabara. Kutoka Shume mpaka hospitali hapa Lushoto."

Yudith aliijua hadithi hiyo, ukoo mzima unaijua. Lakini siku hiyo hakuisikiliza, kwa sababu kitu cha ajabu kilikuwa kinatokea. Alipiga hatua moja. Akapiga ya pili. Alipanda njia ya mwinamo hadi juu, akageuka, akateremka nusu anakimbia, viazi vinagongana mgongoni, na wauza mboga wanacheka na kumshangilia kwa Kishambaa.

"Shangazi, mzigo umekwenda wapi?"

"Haujaenda popote. Umekaa mahali pake."

Hata Sharifu alifurahi. Aliliuza kwa bei ya kigoda, akabaki hana pa kukalia.

Ijumaa asubuhi Mzee Kornelio alipima vitu mwenyewe, kilo ishirini kamili, akavipakia kwenye begi la zambarau. Yudith aliinama, akafunga kiuno kwanza, akainuka. Kwenda Irente kulikuwa raha tupu. Walifika ukingoni, Mombo iko chini kule na tambarare yake, na Yudith akatamani kuimba. Mzee Kornelio aliketi kwenye mwamba, akanywa maji. Yeye akanywa amesimama.

Kurudi ndiko kulikokuwa na maneno. Kwenye mlima wa mwisho kuna jiwe bapa ambapo kila mbeba kuni hutua mzigo wake. Yudith alikuwa ametua hapo wiki iliyopita mara ya tatu, na mwili haukuwa umesahau. Jasho lilimwingia machoni. Jiwe lilikuwa usawa wa kiuno kabisa, ni kurudi nyuma hatua moja na kuachia. Alisimama. Nyuma yake viatu vya Mzee Kornelio navyo vikasimama.

Aliogopa, tusidanganyane. Alimwona Issa tena, na wageni wanne.

Kisha akasogea kando ya njia, akaweka mikono magotini, akainama. Alilipandisha begi kwa mtikiso mmoja, akakaza mkanda wa kiuno, akainuka. Akabaki pale akivuta pumzi, akiyumba taratibu kushoto na kulia, mkono mmoja umekwenda nyuma unapigapiga kitako cha begi.

"Unambembeleza nani?" Mzee Kornelio aliuliza.

Yudith aliutazama mkono wake. Akaanza kucheka, akashindwa kuacha, na Mzee Kornelio, ambaye kucheka kwake ni kwa nadra, naye akacheka. Kisha Yudith akalipita lile jiwe.

Shangazi Beatha, aliyelala kwa Yudith usiku ule, alikuwa ameketi kwenye ngazi za ofisi ya kikundi, debe tupu miguuni. Alimtazama Mzee Kornelio.

"Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi," Mzee Kornelio alimwambia Yudith. "Usichelewe, wageni ni wako." Akaingia ndani.

Yudith alitaka kupiga kelele. Alikuwa bado amesimama na begi mgongoni, hajataka kulivua, na ndipo ile hadithi ya tangu utotoni ikamrudia, na kwa mara ya kwanza akaihesabu njia yake: Shume, msitu, matope, mteremko wote ule.

"Shangazi. Siku ile ya homa. Ulinishusha mara ngapi?"

Shangazi Beatha aliinuka, akashika mkanda wa kiuno, akatafuta kifungo chake.

"Nikushushe vipi, na ulikuwa umelala?"