Toleo Lisilo Kwenye Orodha

Mkata nguo mkuu wa karakana ile alikuwa na siri moja: macho yalikuwa yamemgomea. Mafundi wa cherehani hawakujua. Hata binti yake, aliyekuwa karani palepale, hakujua. Siku wakijua, mkasi utapewa mwingine, na yeye atawekewa kiti pembeni aambiwe apumzike, kana kwamba kuna aliyemsikia akiomba kupumzika.

Mkwe wake, fundi kompyuta, ndiye aliyemletea mashine ya kuhifadhia michoro ya nguo. Akamwekea na mfumo wa kuiendesha, tena wa bure. Jamani, tangu lini mtu akapewa bure kitu cha maana?

"Mwenyewe nani?" mkata nguo, mama mkwe wake, aliuliza.

"Wenyewe ni wengi, mama. Walioutunga wameuacha wazi. Anayetaka anauchukua, anaubadilisha apendavyo, naye anautoa kwa wengine. Kiini ni kilekile, lakini shule zina toleo lao, wachoraji lao, mashine kuukuu lao. Ndiyo maana yako mamia."

"Na la kweli lipi?"

"Yote ya kweli, mama."

Alimwitikia kwa mdomo tu. Moyoni alisema kuna namna. Mamia ya matoleo, na hakuna feki hata moja?

Wiki ileile akapita kwenye meza ya binti yake, naye alikuwa amewekewa mfumo na mumewe huyohuyo. Kioo kilipendeza, vialama vidogo vidogo, rangi laini. Cha mama kilikuwa cheusi, chenye maherufi ya manjano kama ya chekechea. Machale yakamcheza. Mkewe kampa la maana, mimi kaniletea makombo! Akamwita fundi kompyuta mwingine wa mtaani aikague mashine. Yule alikuna kichwa, akaapa hajawahi kuliona toleo lile, na kwenye orodha ya matoleo yanayojulikana halimo.

Basi yakawa yale ya kikulacho ki nguoni mwako. Mama wa watu hakula vizuri siku mbili, akiwaza michoro yake ya miaka thelathini inavyochotwa kupitia toleo hilo na kupelekwa kwa washindani. Na anayeichota anamwita mama.

Mkwe alipofika, mafundi wote walikuwa kazini.

"Hili toleo umelitoa wapi?" mkata nguo alimuuliza, kwa sauti ya kufika hadi mlangoni.

Kijana aliinamisha macho. "Mama, tuzungumze ndani."

"Ndani kuna nini? Sema hapahapa, watu wasikie."

"Naomba, mama. Ndani."

"Umeona? Mwenye haki hajifichi."

Cherehani zilinyamaza moja moja. Binti akasimama. "Si umwambie tu, baba watoto? Unatutia aibu."

Mkwe alimtazama mkewe, kisha sakafu. "Nimelitengeneza mwenyewe," alisema polepole. "Nilichukua lililo wazi, nikakuza herufi zake, nikaondoa rangi zinazofanana. Halimo kwenye orodha kwa sababu anayelitumia ni mtu mmoja."

"Ulikuza herufi kwa nini?" binti aliuliza.

Binti akarudia swali, mumewe akatikisa kichwa. Angepigwa hata fimbo asingesema. Mkata nguo aliona watu wote wanamsubiri yule kijana, na wanaanza kumwona mwizi kweli. Akauweka mkasi mezani.

"Kwa sababu sioni," alisema.