Mnada wa Kiti cha Daktari Mkuu

Kiharusi kilimpiga Dalali mkono wa kulia, ukabaki unaning'inia kama soksi kwenye kamba. Mdomo hakikuugusa.

"Ugonjwa huu umekosea anwani," alisema mkewe. "Ungeshika mdomo, tungepumzika sote."

Dalali alikuwa mtu wa mnada. Alishauza magari yasiyowaka, makabati ya marehemu, hata jeneza lililokosa mwenyewe. Sasa kazi yake ilikuwa kuketi katika chumba cha mazoezi hospitalini, huku mhandisi, binti mwenye miwani mizito, akimbandika vidude kama vifungo begani, kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mkono. Kamera ilivisoma, na mkono wake ukaonekana kwenye skrini kama mstari wa taa. Mbele ya mstari huo, kwenye skrini ileile, ulichorwa mti wa matunda.

"Chuma, mzee."

"Binti, mimi si tumbili."

Alijaribu hata hivyo. Mkono ulifika kitovuni, ukagoma. Kila alipokuja ulifika kitovuni, ukagoma, naye akarudi nyumbani amenuna.

Siku moja waya ulilegea. Mhandisi alipoinama kuukaza, Dalali akiwa bado na vidude vyake, macho yake yaliangukia kiti cha ngozi cha Daktari Mkuu, kilicholetwa pale kusubiri fundi. Koo likamwasha.

"Mabibi na mabwana! Kiti hiki kimekaliwa na makalio yaliyosoma! Nani ananipa?"

"Natoa mume wangu!" alidakia mama mmoja mwenye bandeji ya goti.

"Ana meno?"

"Ya juu tu."

"Mume mwenye meno ya juu, mara ya kwanza! Nani anaongeza?"

"Mama mkwe, na redio yake!" alipiga kelele mzee wa magongo.

Chumba kilivunjika mbavu. Mhandisi akainua kichwa. Waya ulikuwa umeshika, na mstari wa taa ulikuwa unapanda: kifua, bega, bado unakwenda.

"Mzee, usinyamaze! Tazama mkono wako!"

Dalali akatazama. Palepale mkono ukaanguka pajani.

"Endelea kuuza, tafadhali."

Hakuweza. Machozi yalimtoka mbele za watu, akageuzia uso ukutani. Mkewe, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na kikapu chake, akasimama.

"Basi mimi namtoa Dalali mwenyewe! Amechakaa, anakoroma, ila bado anakula vizuri."

"Huyo hauzwi!" alinguruma Dalali, na mkono ukaruka hadi sikioni.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Mkuu alisimama, mikono kiunoni.

"Nani anauza kiti changu?"

"Umechelewa, daktari," alisema mzee wa magongo. "Kimekwenda kwa bei ya mama mkwe wangu. Mtakutana naye."

Mhandisi alimweleza kilichotokea, akamwonyesha skrini. Daktari aliitazama, kisha akauliza kama anaweza kuongeza dau.

Wiki ile mhandisi aliufuta ule mti. Aliweka mnada: bidhaa inapita, mkono unapopanda bei inapanda, ukivuka sikio kengele inalia. Wagonjwa wengine wakaugombea mchezo huo, na chumba kikawa na kelele kushinda soko.

Mkono ulirudi polepole, na haukurudi wote. Vidole bado vinaangusha kijiko, mkewe akiokota kwa manung'uniko. Dalali yuko kazini. Nyundo anagonga kwa kushoto. Mkono wa kulia anawanyooshea watu waliokuja kuangalia tu, mpaka waone haya na kununua.