Aliyeshika Ufa wa Tangi

Mkate wa kiwanda ulikuwa unanuka dizeli, na wateja, ambao huvumilia mchanga na hata unywele, hilo walilikataa. Meneja akamwita fundi wa matangi. Alikuja mwanamke mwenye ovaroli na ndoo ya maji ya sabuni, na meneja hakumtambua kuwa ni binti wa mtunza tangi ambaye yeye meneja alimfukuza zamani kwa wizi wa mafuta. Binti naye hakujitambulisha. Kazi ni kazi.

Alianza kama fundi yeyote anavyoanza. Alipaka povu kwenye maungio ya mabomba, hapakuvuja popote. Akatoa kiota cha nyigu kwenye bomba la kupumulia, harufu ikabaki palepale. Kisha akatafuta kengele. Tangi la dizeli ya tanuri lilikuwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na kengele huwekwa ili ilie mafuta yakiingia katikati. Aliikuta imezibwa kwa donge la unga wa ngano lililokauka kama jiwe.

"Ilikuwa inatupigia kelele," mwokaji mkuu alieleza. "Tukaifunga mdomo. Zamani hizo."

Zamani hizo ndipo mafuta yalipokuwa yakipungua na baba wa fundi huyu akaitwa mwizi. Alikufa na jina hilo. Tangu alipofukuzwa, mama yake fundi alikwenda sokoni kwa njia za uchochoroni, asionane na watu.

Fundi alifungua kifuniko cha uwazi ulio kati ya kuta. Mpira wake ulikuwa umeoza, na hapo ndipo harufu ilipotokea. Akateremsha kijiti cha kupimia. Kilirudi kimelowa.

"Funika, mwanangu, upepo unaingia," sauti ilisema kutoka chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Umekaa humo tangu lini?"

"Tangu mnizike. Ukuta wa ndani una ufa, tangi lilikuja nao liliponunuliwa. Nimeuziba kwa kidole gumba. Yale mafuta wanayosema niliiba haya hapa, yamenifika magotini."

Fundi aliketi juu ya ndoo yake. Alilia kidogo, akacheka, akajifuta uso kwa mkono wenye grisi. Alikuwa amempenda baba yake miaka yote hiyo, lakini hakuwahi kuwa na hakika kwamba hakuiba, na sasa alikuwa nayo. Akaleta pampu, akayanyonya mafuta yale, baba akiinua mguu mmoja baada ya mwingine kuipisha. Akabadilisha mpira wa kifuniko. Kufikia adhuhuri mkate ulinukia mkate.

Meneja alipoitwa, alichungulia, akamwamkia marehemu kwa heshima zote.

"Mzee, unaweza kuendelea kushika?"

"Naweza."

"Basi hakuna haja ya kununua tangi jingine."

"Na jina lake?" fundi aliuliza.

Meneja alishusha sauti. "Dada yangu, nikisema tangi lilikuja bovu, nitaulizwa nani alilinunua. Yaliyopita si ndwele." Kisha akaamuru mafuta yale yarudishwe tangini, wakaokea mkate wa jioni.

Nyumbani, mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani.

"Mimi nilijua," alisema. "Mwizi gani anaogopa paka?" Akashusha pumzi ndefu ambayo alikuwa ameiweka muda mrefu.

Kesho yake alikwenda kiwandani mwenyewe, akapiga magoti penye kifuniko.

"Toka basi, twende nyumbani."

"Nikitoka litavuja."

"Livuje."

"Na watu watakula nini?"

Mama akasonya, kisha akacheka. Ndivyo mumewe alivyokuwa, hai au maiti. Wakazungumza hadi tanuri lilipozimwa.

Alirudi kwa barabara kuu, katikati ya maduka, watu wakimwona. Mshona nguo, jirani yake, akamuuliza anatoka wapi.

"Kumjulia hali mume wangu," mama alijibu, kwa sauti iliyofika hadi maduka ya ng'ambo. "Yuko kazini."