Mkurugenzi wa Dubai

Mimi Njue, mzaliwa wa Kanja kule Embu, nimewahi kuwa mkurugenzi wa kampuni huko Dubai. Nilikuwa na kiti cha ngozi, kadi zenye jina langu kwa maandishi ya dhahabu, na mamlaka kamili ya kumpigia simu shemeji yangu Kaburu kumuuliza kama naweza kununua majani ya chai.

Kaburu ni kaka wa mke wangu, Gatakaa. Ofisi yake iko Kiirua, kwao Meru, juu ya duka la dawa za mifugo, na biashara yake ni maparachichi. Anayanunua kwa wakulima wa Meru na Embu, anaiuzia kampuni ya Dubai kwa bei ya huruma, kampuni ya Dubai inayauza kwa bei ya kweli, na faida inabaki kulekule ipunge upepo. Kampuni zote mbili ni zake. Hiyo bei ya huruma nayo ina kesi yake, lakini tusichanganye mambo.

Aliyemwonyesha njia ni mshauri mmoja kutoka Nairobi, mwenye viatu vilivyochongoka. Alimweleza kwamba sheria haitazami tu kampuni imeandikishwa wapi. Inatazama pia ni wapi mambo yake yanaamuliwa. Yakiamuliwa Dubai, faida ya Dubai iko salama. Yakiamuliwa Kiirua, basi hiyo ni kampuni ya Kenya sawa na lile duka la dawa, na faida yake inatozwa kodi hapahapa.

Kwa hivyo akatafutwa mtu wa kuamua. Awe wa familia, awe na pasipoti, na zaidi ya yote asiwe na mazoea ya kuamua. Nilipita bila mahojiano. Mtu aliyeoa kwao atamkatalia vipi kaka wa mke wake, tena mahari ikiwa haijaisha?

Nikaenda kuamua. Kiyoyozi kilipoharibika mwezi wa nane, nilipiga simu Kiirua, na Kaburu akaniagiza nifungue dirisha. Aliyewahi kufungua dirisha Dubai mwezi wa nane anajua nilivyoiva. Nilipoomba Gatakaa aje tukae pamoja, nikaambiwa yuko Kiirua anamsaidia mama yao, na ng'ombe wa mama hawakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Niliomba tena Krismasi, nikaomba Pasaka. Ng'ombe hawakubadilisha msimamo. Nilimkosa mke wangu hadi nikaanza kuzungumza na birika, ambalo nalo nilikuwa nimelinunua kwa idhini.

Ndipo watu wa kodi wakasema wangependa kumwona mkurugenzi. Kaburu akanilipia ndege haraka, nije Kiirua kuthibitisha kwamba kampuni inaendeshwa kutoka Dubai.

Mshauri alitupanga kama watoto wa mchezo wa Krismasi kanisani. Mimi nilipewa kiti cha Kaburu. Kaburu alipewa kiti cha plastiki karibu na mlango, na maneno matatu tu ya kukariri: muulize mkurugenzi huyu. Afisa wa kodi aliitwa Lydiah, mwanamke mwenye sauti ya upole, aina ya upole unaotisha.

Aliuliza nani hupanga bei. Nikasema ni mimi. Aliuliza nani huchagua wateja. Nikasema ni mimi. Alipomgeukia Kaburu, naye akasema amuulize mkurugenzi huyu, na akameza mate kama anayemeza mwarobaini. Mimi huku utamu ulishaanza kunipanda. Sikujua kumbe neno "mimi" lina ladha hivyo.

Mwisho Lydiah akataka kujua kampuni ina mpango gani mwaka huu. Mshauri alikuwa amenipa jibu zuri kuhusu katoni. Nikafungua mdomo, na katoni hazikutoka.

"Tunamwajiri Bi. Gatakaa," nikasema. "Anaanza kazi Dubai mwezi ujao. Na tunatengeneza kiyoyozi."

Mshauri aliinama akatazama viatu vyake. Nilimwona Kaburu akipiga hesabu: upande huu kodi ya miaka yote hiyo, upande huu Njue wa Kanja amejipangia jambo. Mtu mwenye akili zake angenyamaza, kisha anifute kazi jioni kwa simu. Nami nisimseme vibaya, alijaribu. Alishika mikono ya kile kiti mpaka kikalia.

"Gatakaa haendi mahali," akasema. "Nani amekupatia ruhusa? Hapa kuna kitu inaamuliwa bila mimi?"

Lydiah akamgeukia taratibu. "Hata ya Dubai, mzee?"

"Hata hiyo ya Dubai. Hata majani ya chai, muulize huyu." Akaninyooshea kidole. "Na kutoka leo si dairekta. Nimemfuta."

Hivyo ndivyo mkurugenzi wa Dubai alivyofutwa kazi akiwa Kiirua, juu ya duka la dawa za mifugo, mbele ya afisa wa kodi. Lydiah alimshukuru Kaburu kwa ushirikiano wake. Mshauri alibaki akieleza kwamba Wameru hupenda utani wa mashemeji, na Lydiah, ambaye ni Mmeru, alimsikiliza hadi mwisho.

Nilitembea hadi kwa mama mkwe, nikamkuta Gatakaa zizini. Nilipomsimulia alicheka mpaka ng'ombe akageuka kumtazama. Kisha akanawa mikono, akasema basi, twende kwetu Kanja. Nilifurahi hadi macho yakalowa. Akaniuliza tuondoke leo au kesho, akasimama akisubiri niseme.

Nikatia mkono mfukoni, nikatoa simu, na kabla sijajua ninafanya nini, kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jina la Kaburu.