Mlinzi wa Bure

Mtaa mzima ulimwita Punguza, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza lililomtoka mdomoni akitajiwa bei yoyote. Kinyozi akimaliza kumnyoa, punguza. Muuza nyanya akitaja bei ya fungu, punguza, na bado aongezewe moja juu. Hata daktari wa meno aliwahi kuambiwa apunguze, eti kwa vile jino lenyewe lilikuwa limeshalegea. Watu walicheka, naye alicheka nao. Mkono wa birika hasa, lakini hakuwa mtu mbaya, na nisije nikasikia mtu anasema nimemchafua. Alikuwa fundi wa friji, hodari wa kazi yake, na alimpenda mama yake. Hilo la mwisho lishikeni, maana ndilo linaloniuma katika habari hii nzima.

Mambo yalianza alipopata kazi ya kudumu kwenye kiwanda cha barafu, mji wa mbali, safari ya usiku kucha kwa lori. Kazi nzuri, yenye mshahara wa kila mwezi, si ile ya kuzunguka mitaani na begi la spana kugonga milango ya watu. Ilimpasa kuhama na familia yote: mkewe, aliyekuwa mwalimu wa chekechea, watoto wao wawili, na mama yake mzazi, mwenye ugonjwa wa kisukari, aliyeishi nao tangu afiwe na mumewe. Punguza akawazungukia wenye malori kuuliza bei ya kuhamisha vyombo. Alirudi nyumbani uso umemshuka.

"Wanataka kuninyonga," alimwambia mkewe. "Kwa bei zile, bora vitu vyetu vipande ndege."

Siku tatu baadaye akarudi anapiga mluzi. Amempata dereva wa lori la vitunguu! Kila Alhamisi asubuhi dereva huyo alishusha vitunguu sokoni, na kila Alhamisi jioni alirudi mtupu, na njia yake ilipita kwenye mji uleule wa kiwanda. Lori linalorudi tupu halina maringo. Mwenyewe akipata hela ya mafuta tu, anashukuru. Ila lilikuwa limeshajaa nusu kwa makreti matupu ya mkulima wake, kwa hiyo vyombo vingesafiri kwa mafungu, Alhamisi tatu mfululizo.

"Wiki mbili nzima, vitu vyetu nusu huku, nusu kule?" mkewe aliuliza. "Na kule nani atakuwa anaviangalia?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nyumba waliyopanga kule ilikuwa na nafasi na kodi yake ya huruma, lakini kitasa cha mlango wa mbele kilikuwa kimevunjika. Mwenye nyumba alisema mpangaji atengeneze. Punguza akasema hatii kitasa kwenye nyumba ya mtu, maana leo akitia kitasa, kesho ataambiwa apake rangi. Wakavutana kwenye simu siku nne, kila mmoja kang'ang'ana kama kupe. Na habari ya kumlipa mlinzi, Punguza hakutaka hata kuisikia.

"Nitakwenda mimi," sauti ikatoka chumbani. Mama yake alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo, na kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. "Hapa kazi yangu ni kukaa. Nikakae kule, kuna tofauti gani?"

"Mama, na sukari yako je?" mkewe Punguza alisema.

"Sukari yangu tunatembea nayo miguu miwili hii hii. Haihitaji lori."

Wakacheka wote. Punguza alicheka kuliko wenzake, kwa sababu moyo wake ulikuwa umetua. Jamani, neno moja tu lingetosha! Angesema, hapana mama, haiwezekani, na mambo yangeishia pale. Badala yake akasema mama yake ana akili kuliko wote waliomo humo ndani. Walipobaki wawili mkewe akamkabili.

"Baba watoto, yule ni mama yako. Si komeo."

"Ni wiki mbili tu," Punguza akajibu. "Na amejitolea mwenyewe. Hukusikia?"

Alhamisi ya kwanza walipakia vitu vizito: kabati, magodoro, kreti la vipuri, mitungi ya gesi na mashine ya kuchomelea, ambayo ndiyo roho ya kazi ya fundi wa friji. Mama akapandishwa mbele, kando ya dereva, na chupa yake ya chai, mfuko wa dawa za siku kumi, na kipochi alichokishika kwa mikono miwili. Kliniki ya kule ilikuwa mitaa miwili tu kutoka nyumbani, dawa zikiisha angekwenda kuchukua nyingine. Punguza akachungulia dirishani.

"Mama, usitoke ukaacha mlango hivi hivi, hata dakika moja. Vifaa vyangu vikubwa vyote vimo humo. Vikiibwa, hata kazi yenyewe nimeikosa. Wewe ndiye askari wangu."

"Ndiyo, afande," mama akasema, akampigia saluti. Watoto wakaangua kicheko, na lori likaondoka.

Kila jioni Punguza alimpigia simu, na kila jioni jibu lilikuwa lile lile. "Mimi mzima. Vitu vipo." Umekula? Nimekula. Umelala vizuri? Nimelala. Majirani? Wapo, watu wazuri. Punguza alikata simu ameridhika, akarudi kwenye majokofu ya watu. Alikuwa na kazi moja kubwa ya kumalizia, jokofu la hotelini lililokataa kugandisha, na mwenye hoteli alikuwa ameahidi malipo likianza tu kupoza.

Alhamisi ya pili dereva alipofika hakusalimia kama kawaida yake. Alimvuta Punguza kando ya lori.

"Fundi, mama yako anachechemea. Nilipita kumjulia hali nikiwa nakuja huku. Mguu wa kulia, amefunga kitambaa. Nimemuuliza, akaniambia nishike njia yangu."

"Atakuwa amejigonga."

"Sijui amejigonga au la. Ninachojua, sikupenda nilichokiona." Dereva akafungua mlango wa lori. "Panda twende. Kiti kipo, na sikutozi kitu."

Sikilizeni hapo! Bure kabisa. Mtu ambaye maisha yake yote alikimbiza vya bure, siku ile cha bure kililetwa mlangoni kwake, akakitazama na kuanza kujikuna kichwa. Jokofu la hotelini lilikuwa limefunguliwa, vipande vyake vimetapakaa sakafuni. Akiondoka, mwenye hoteli angemwita fundi mwingine. Akampigia mama yake pale pale, dereva akimsikiliza.

"Huyo dereva ana umbea," mama alisema. "Nimejikwaa kwenye kreti, basi imekuwa habari."

"Nije?"

Punguza alisikia pumzi ya mama, akasikia na kiti kikisogezwa.

"Kazi ya hotelini umeimaliza?" mama akauliza.

"Bado."

"Basi utakuja ukiimaliza."

Punguza akamgeukia dereva, akainua mabega: unasikia mwenyewe, mama amekataa. Sina subira na watu wa namna hii. Alikuwa ameuliza kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kutokwenda, na mama aliyemzaa aliijua sauti ile tangu akiwa na meno mawili. Akampa alichokitaka. Na mkewe hakuambiwa kitu. Punguza alijua mkewe angesema nini, na alijua angekuwa na haki ya kulisema, ndiyo maana alipiga kimya wiki nzima. Jokofu likapoza, na malipo akapewa.

Alhamisi ya tatu wakapanda wote, mke na watoto mbele, Punguza nyuma na masufuria. Ijumaa asubuhi lori likasimama mbele ya nyumba mpya. Punguza aliruka chini kabla injini haijazimwa, akausukuma mlango. Haukwenda.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani, karibu sana, kana kwamba mtu ameegemea mbao zenyewe.

"Mimi, mama."

"Wewe nani?"

"Mama! Ni mimi mwanao, tumefika wote."

Wakasikia kiti kikiburutwa, kikaburutwa tena, kikachukua muda. Mlango ulipofunguka, harufu ilitangulia. Mama alikuwa amesimama ameshika mgongo wa kiti cha mbao, amekonda, midomo imemkauka, anatabasamu. Magodoro yalikuwa bado yamekunjwa na kufungwa kamba, kama yalivyopakiwa. Hakuyafungua. Usiku kumi na nne alilala ameketi kwenye kile kiti, mgongo wake umeuziba mlango, kwa sababu mlango ule ulifunguka hata kwa upepo.

"Hesabu vitu vyako," alimwambia Punguza. "Hakuna hata kijiko kilichotoka humu."

Mkewe Punguza hakutazama vitu. Alikuwa ameshapiga magoti, anafungua kitambaa mguuni, na alipokifungua akapiga ukelele uliowaleta majirani nje. Msumari wa kreti ulikuwa umeingia kupitia kandambili siku ya tatu tu baada ya mama kufika. Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

"Mama, kliniki si ile pale!" alilia. "Kwa nini hukwenda?"

"Na mlango ningemwachia nani?"

Jirani wa upande wa pili, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akasema yeye alikuwa akimpitishia mkate na maji dirishani. Alimwomba mara nyingi amsindikize kliniki, mama akakataa kata kata. Dawa za siku kumi alizikata nusu nusu ili zifike. Punguza alisikiliza hayo yote amesimama katikati ya chumba, kati ya kabati na mitungi yake ya gesi, vyote vizima. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, akainama, akambeba mama yake mgongoni, wakatoka. Watoto wakabaki kwa jirani. Nyumba ikaachwa wazi, na hakuna aliyeikumbuka.

Kliniki ilikuwa dakika sita kwa mguu. Nesi aliutazama mguu, akamwita daktari, daktari akautazama, akatoka kwenda kupiga simu. Hospitali kubwa, leo hii, alisema. Vidole vile haviponi, na kama ni bahati watakata vidole tu, si mguu. Nesi akachukua daftari lake.

"Huyu mama alikuwa anakaa na nani?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali, lakini kalamu yake ilikuwa inasubiri.

"Na mwanangu," mama akajibu, kabla mtu hajafungua mdomo. Akamshika Punguza mkono. "Huyu hapa. Hakuniacha hata siku moja. Mimi ndiye mbishi, nilikuwa nauficha mguu nisimsumbue."

Uso wa nesi ukalainika. "Pole sana, kaka. Wazee wetu ndivyo walivyo. Wengine hawana hata wa kuwaleta hapa."

Punguza alihisi vidole vya mama vinamminya, vikavu na vya moto kwa homa. Alijua maana yake: nyamaza. Akatazama sakafu. Mkewe alikuwa anamtazama yeye. Akajaribu kunyamaza, nawaambia alijaribu, lakini kitu kilikuwa kimemkwama kifuani tangu Alhamisi ile ya dereva na hakikuweza kukaa tena.

"Si kweli, nesi," akasema. "Alikuwa peke yake. Nilimweka anilindie vyombo. Niliambiwa anachechemea, na sikuja."

Kalamu ikasimama. Mkewe akasema taratibu, "Uliambiwa?" Machozi yalikuwa yanamtoka Punguza bila sauti, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alihisi pumzi inashuka vizuri. Akamgeukia mama yake, akitegemea sijui nini, labda msamaha.

Mama alikuwa ameshautoa mkono wake.

"Umesema ili iweje?" alimuuliza.

"Nisingeweza kudanganya, mama. Nimekukosea. Ilibidi niseme."

"Ungeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua." Sauti yake ilikuwa ndogo, na kila neno lilimchukua nguvu. "Nimekaa kwenye kile kiti siku zote zile, na kila aliyeniuliza dirishani nilimwambia mwanangu yuko njiani, mwanangu ananipigia kila siku, mwanangu ana kazi kubwa. Nilitaka watu wajue nina mwana."

Punguza akamwita, mama, mama, kama mtoto aliyepotea sokoni. Nesi akageuza uso akajifanya anapanga vichupa. Nje, gari la wagonjwa lilisimama, na mhudumu wa kliniki akaingia na kitanda cha magurudumu. Akasema ndani ya gari kuna nafasi ya ndugu mmoja tu. Punguza akasimama, akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Nitakwenda na mwanangu," mama alisema, akamnyooshea mkono mkewe Punguza.

Mkewe akamtazama mumewe mara moja, akachukua kile kipochi, akaufuata mkono ule. Punguza akakaa tena kwenye benchi.